Risasi Katika Pua ya Ndege

Wiki ya matanga ya baba, jirani yetu wa mtaa wa Mikelenge alikaa nyuma ya nyumba yake akichemsha mbegu za mbarika kwenye sufuria kuukuu. Alikuwa anatengeneza mafuta ya kumpaka mjukuu wake. Harufu ikavuka ua wa matete, nzito, ikakaa kooni, nami niliyekuwa nimemaliza siku nne bila kutoa chozi mbele ya watu nikaweka sinia chini na kuingia chumbani. Nikawasikia wanawake wakisema, "Sasa njo kilio kimemufikia." Hawakujua kwamba nilikuwa nimerudi kwenye baraza ya nyumba yetu ya zamani kule Kasuku, nina miaka minane, na baba amechuchumaa mbele yangu akichanganya mafuta ya mbarika, mafuta ya taa na eta, ile dawa ya usingizi ya hospitali, kwenye chupa ya sharubati, ili ndege yake ipate kunywa.

Ninyi wa rika langu mliokulia Kindu hamhitaji kuelezwa sana. Mnakumbuka mji ulivyozungukwa, treni ikakoma kuja, chumvi ikawa inauzwa kwa kijiko cha chai. Tulijua ndege za mizigo kwa mlio wake kabla hazijaonekana, na tuliokota maganda ya risasi uani tukayapanga kwa ukubwa, hii ya baba, hii ya mama, hizi za watoto.

Baba alikuwa fundi wa radio sokoni. Ujanani mwake alisoma shule ya ufundi, na huko padri mmoja mzungu alimfundisha kitu ambacho hakikumpa mtu chakula: kutengeneza ndege ndogo za mbao zinazoongozwa kwa radio. Padri alipoondoka alimwachia sanduku. Ndani mlikuwa na injini ya ukubwa wa ngumi ya mtoto, na mashine ya kuongozea yenye vijiti viwili na antena ndefu ya kuvuta. Kabla ya vita baba alikuwa na ndege nyeupe aliyoirusha Jumapili, watoto wa mtaa mzima wakiifuata kwa mbio. Vita vilipokuja aliitundika ukutani, ikaanza kuliwa na mchwa.

Mama yangu alikuwa ng'ambo. Alivuka mto kwenda Alunguli kwa dada yake, ambaye sisi tunamwita mama mukubwa, kutafuta mihogo. Alimbeba mgongoni mdogo wangu Musafiri, aliyekuwa bado ananyonya. Angekaa siku mbili. Siku ya pili mto ukafungwa. Askari waliokuwa wanashika mji wakavuta mitumbwi yote upande wetu na kuifunga minyororo, na mtu aliyevuka bila karatasi ya komanda wao alipigwa risasi majini. Ng'ambo walikuwako wapiganaji wengine, wanaotoka msituni. Baba alinipeleka ukingoni mchana, tukasimama tukitazama moshi wa majiko ya Alunguli, tukichagua upi ni wa mama. Kisha askari wakatukataza hata kusimama.

Siku moja komanda akaja nyumbani mwenyewe kuleta radio yake iliyonyamaza. Akaiona ndege nyeupe ukutani.

"Fundi, hii njo weye uliitengeneza?"

"Ndiyo, mukubwa."

"Inaruka kweli?"

"Iliruka. Sasa mapile haiko, mafuta haiko."

"Nitakupa. Nataka moja ya vita. Iwe na mabomu chini ya mabawa. Niko na wageni wakubwa wanaokuja kunitembelea."

Baba aliniambia niende kuteka maji. Niliporudi komanda alikuwa ameondoka, na baba alikuwa amekaa kitini. Akanivuta karibu. Aliniita mama, kama baba wengi wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Mama, ile ndege njo itatuletea mama yako."

Nilimwuliza atakaa wapi ndani yake. Akacheka, na nilikuwa nimesahau kicheko chake kinafananaje. Hakunieleza zaidi. Watoto wanasema ovyo, na siku zile neno moja la mtoto liliweza kumaliza nyumba.

Ni aibu kusema, lakini zile wiki zilikuwa nzuri. Baba alikata parasolie, ule mti mwepesi unaoota kwenye mashamba yaliyoachwa, akauchonga vipande vyembamba kama mbavu za samaki. Akavifunika kwa karatasi ya mifuko ya simenti, gundi ikawa uji wa muhogo, na mimi njo niliyeukoroga. Aliipaka rangi ya kijani na kijivu. Alichonga mabomu mawili ya mbao, na moja nililipaka rangi mimi. Alinionyesha vimota viwili vidogo vinavyovuta usukani wa mkiani, akasukuma kijiti cha mashine, na mkia ukainama wenyewe mezani kana kwamba umeitwa.

Kisha akaipima. Aliweka ncha za vidole viwili chini ya mabawa, kimoja huku kimoja kule, akainua ndege taratibu. Mkia ukashuka. Akasogeza betri, yale mapile ya komanda, mbele, akainua tena, mkia ukashuka tena.

"Mukia iko muzito," akasema. "Pua inaomba risasi."

Niliweka mwiko chini.

Baba alizaliwa kwa wavuvi. Kwake risasi ilikuwa madini, vile vipande vya kijivu vinavyofungwa kwenye nyavu ili zizame. Lakini mimi nilizaliwa wakati mwingine, na neno hilo kwangu lilikuwa na kazi moja tu. Nilimtazama akiyeyusha vipande vya nyavu kuukuu kwenye kopo la sadini juu ya makaa. Alichoma mashimo kwenye udongo kwa kalamu ya risasi, akamimina humo. Zilipopoa zikatoka tatu, ndefu, zenye ncha ya mviringo. Akazifunga kwa kitambaa, akaziweka kwenye kijisanduku ndani ya pua, akafunika kwa kibao na kukikaza kwa mpira, ili aweze kupunguza au kuongeza. Halafu akaniita.

"Weka vidole vyako hapa."

Niliweka. Akaniachia ndege yote, nikaibeba kwa vidole viwili. Haikwenda mbele, haikwenda nyuma. Ilitikisika kidogo tu kwa pumzi yangu.

"Unasikia? Ikikaa vile, haianguki."

Siku moja kabla ya sherehe komanda alikuja kuitazama. Mimi nilikuwa chini nikichambua maharagwe. Alizunguka meza mara mbili, mikono nyuma.

"Itavuka mto?"

"Upepo ukiwa muzuri, inaweza, mukubwa."

"Nataka wale wa ngambo waione. Wajue miye pia niko na ndege yangu." Akacheka, na askari wake mlangoni wakacheka.

Ninajaribu kukumbuka mtoto yule alivyopanga mambo kichwani, kwa sababu aliyapanga vizuri, hatua kwa hatua. Mabomu yalikuwa ya mbao. Nililipaka moja rangi mwenyewe. Hayangemwumiza mtu. Lakini risasi nilikuwa nimeona zikitengenezwa. Ndege ingevuka mto. Ng'ambo kulikuwa na mama na Musafiri. Basi baba alikuwa amedanganywa. Ameambiwa ndege itamleta mama, kumbe itakwenda kumwua. Kumwambia sikuweza. Nilifikiri akijua atakataa, na wanaokataa nilikuwa nimeona wanavyofanywa. Nikaamua kazi hiyo ni yangu.

Asubuhi ya sherehe baba aliipima ndege mara ya mwisho. Ilitulia juu ya vidole vyake, akaitikia kwa kichwa, akaiweka mezani na kwenda kuoga nyuma ya nyumba. Nilisikia maji yakimwagika. Nilitoa mpira, nikainua kibao, nikatoa kile kitambaa na zile tatu ndani yake. Zilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Nikazitupa chooni, nikasikia zikifika chini. Nikarudisha kibao, nikarudisha mpira. Baba alipotoka, nilikuwa nafagia.

Gari la askari likaja kabla hajamaliza kuvaa. Askari mmoja akaibeba ndege mwenyewe, akaishika kwa heshima kama mtu anayebeba mtoto wa mkubwa. Baba akanichukua na mimi, kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia.

Walikuwa wametayarisha uwanja wa mpira wa shule iliyofungwa. Wageni walikaa chini ya turubai, mbele yao bia na nyama ya mbuzi ambayo harufu yake ilinifanya nimeze mate. Baba alivuta antena, akajaribu vijiti, mkia ukatii. Akalizungusha panga la puani, lile la kukata upepo, kwa kidole mara tatu, mara nne, na injini ikashika kwa mlio mkali, ule moshi wa mbarika ukatufunika. Wageni wakapiga makofi. Ndipo komanda akatoka chini ya turubai na kusema ataitupa yeye.

Kawaida ya baba ilikuwa kuipima tena uwanjani kabla ya kuirusha. Nilimwona akinyoosha mikono.

"Mukubwa, niruhusu niipime tena. Kidogo tu."

"Hukuipima asubuhi?"

"Niliipima."

"Ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Basi."

Hakuna mtu ambaye angeweza kuitoa ndege mikononi mwa komanda mbele ya wageni wake. Baba akarudi nyuma, akashika mashine. Komanda akakimbia hatua tano, tumbo likimtikisika, akaitupa.

Iliruka. Ninataka mjue hilo, iliruka, na kwa muda wa kuvuta pumzi moja ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichokuwa nimeona. Kisha pua ikainuka. Ikaendelea kuinuka. Baba alisukuma kijiti mpaka mwisho, nikaona meno yake. Ndege ikasimama wima angani kana kwamba inataka kukaa, bawa moja likalala, na ikashuka ikizunguka mpaka katikati ya uwanja. Mlio ukakatika. Halafu mgeni mmoja chini ya turubai akacheka, na wengine wakamfuata. Komanda alikuwa bado amenyoosha mkono.

Nilifurahi. Siwezi kuiandika kwa neno jingine. Ndege haikufika hata kwenye ukingo wa mto, na mama yuko hai.

Baba alikwenda kwenye mabaki akapiga magoti. Aliinua kipande cha mbele. Aliondoa mpira, akainua kibao, akatazama ndani ya kijisanduku. Alitazama muda mrefu. Kisha akageuka akanitafuta kwa macho kati ya miguu ya askari, akanipata, nami nikamtabasamia.

Komanda alikuwa amefika juu yake. "Nani alikutuma ufanye watu wanicheke?"

Baba alirudisha kibao mahali pake. "Hakuna mutu, mukubwa. Ni kosa langu miye. Sikuipima muzuri."

Walimpakia kwenye gari. Jirani aliyekuwa akipika pale aliondoka na mimi, akaniweka kwake siku nne. Siku ya tano baba alirudi kwa miguu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kwa kitambaa, na kilipofunguliwa, wiki kadhaa baadaye, vidole vitatu havikukunjika tena. Hakushika tena chuma cha kuchomea waya kwa mkono ule.

Mchana ule ule aliorudi, nilimwambia. Nilikuwa nimeihifadhi kama zawadi. Nilimpelekea maji, nikakaa karibu na goti lake.

"Baba, ni miye nilitoa ile masasi tatu kwenye pua ya ndege. Ili isimupige mama kule ngambo."

Alishusha kikombe. Aliniwekea mkono mzima kichwani.

"Ulifanya vizuri, mama," akasema. "Usimwambie mutu mwingine."

Nikaishi na furaha hiyo karibu mwaka mzima. Nililala nayo. Nilipowaona wenzangu wakijisifu kwa vitu vidogo vidogo niliwahurumia.

Mto ulipofunguliwa, mama mukubwa alivuka na mtumbwi wa kwanza wa wanawake. Mgongoni alikuwa na Musafiri, miguu myembamba, nywele zimegeuka nyekundu kwa njaa. Mama hakuwako. Alikuwa amezikwa msituni nyuma ya Alunguli, kwa homa, chini ya mti ambao mama mukubwa alisema hangeweza kuutambua tena. Alilia kwanza. Kisha akamwambia baba, mbele yangu, bila kupandisha sauti:

"Ulitutumia neno kwa yule mama wa kuuza chumvi, mwenye karatasi ya komanda. Ulisema tungoje, ndege ikiruka komanda atakupa karatasi ya kuvuka, utakuja kutukamata, utuvushe. Wenzetu walikimbilia Kalima mapema, njia ikiwa wazi. Yeye alikataa. Alisema, bwana yangu iko njiani. Vita vilipofika mulangoni njo tulikimbia, na tuliingia musituni mikono mitupu. Sasa niambie. Ile ndege haikuruka?"

"Haikuruka," baba akasema.

Sikuelewa yote siku hiyo. Niliielewa karatasi. Lakini nilishikilia risasi zangu: hata kama karatasi ilikosekana, risasi zingemwua. Ilichukua wiki mbili au tatu. Wavuvi walikuwa wamerudi ukingoni, na mzee mmoja alikuwa anafunga vipande vya kijivu kwenye wavu mpya. Nikamwuliza ni nini. "Hii njo risasi," akasema, "bila hii wavu unaelea." Akaniwekea kipande kimoja mkononi, nikaujua uzito wake. Sikulia. Nilikwenda nyumbani nikapika, nikamlisha Musafiri, na tangu siku ile sijui kama nimewahi kukaa mahali na kutulia kabisa.

Baba hakusema neno, wala mimi. Musafiri alikua akijua hadithi kama watu walivyoijua: kwamba baba yake alimwambia mama yake angoje, halafu hakuja. Alipokuwa kijana na pikipiki yake ya kubeba watu, alianza kumwuliza waziwazi, mezani.

"Mutu mwenye bibi na mutoto ngambo, anaenda kuchezea kandege. Ni mto mumoja tu. Wengine waliogelea."

"Sikuweza," baba alikuwa akijibu. Kila mara hilo tu. Mimi nilikuwa naendelea kugawa chakula.

Nilipokuwa karibu kuolewa nilimwambia baba kwamba nitamweleza Musafiri. Alikuwa amekaa akikaza kinu cha kahawa kwa mkono wa kushoto. Hakuinua macho.

"Hapana. Akinichukia miye, nitakufa na itaisha. Akikuchukia weye, mutabaki na nani?"

Nilikubali upesi. Hilo ndilo ninaloliona sasa kuliko hata kijisanduku kitupu. Mtoto wa miaka minane hakujua. Mwanamke wa miaka ishirini na tatu alijua, na alishukuru kuzuiwa.

Baba alipougua mwezi uliopita, alimwita Musafiri mara tatu. Nilituma watu, nilikwenda mwenyewe kituoni kwake Kasuku. Alisema ana abiria. Siku ya mazishi alisimama barabarani na wenzake wa pikipiki, kofia mkononi, kama mtu aliyekuja kuzika jirani, na wakati wa kutupa udongo hakusogea.

Siku ya mwisho ya matanga, watu walipokuwa wanakunja mikeka, alipita kuchukua kiti alichotuazima. Nilimwomba akae. Nikamwambia yote, kuanzia mapile ya komanda hadi choo, bila kujipunguzia. Alisikiliza akitazama miguu yake. Ana miguu ya mama, ndivyo alivyosema mama mukubwa.

"Na baba alijua?" akauliza.

"Alijua siku ile ile, pale uwanjani. Alitazama ndani, akanitazama miye, halafu akasema ni kosa lake."

Nilingoja anitukane. Nilikuwa nimejiandaa, na nadhani nililitaka tusi hilo.

"Yaya," akasema hatimaye, kama tunavyowaita dada wakubwa, na sauti yake ilikuwa ya chini, karibu ya upole. "Mwezi jana, aliponiita, baba alikuwa angali anasikia."

Akainuka, akakifunga kiti nyuma ya pikipiki kwa kamba, akajaribu fundo mara mbili. Hakuiwasha. Aliisukuma kwa mikono hadi barabarani, polepole, kama mtu anayetoka kwenye nyumba ambamo mgonjwa amepata usingizi.